Zulia la Ngazi: Kutoka Fito za Shaba hadi Vibao vya Misumari

Zulia liliingia katika nyumba za Uingereza muda mrefu kabla ya kupanda ngazi. Katika karne ya 16, mazulia kutoka Uturuki yalikuwa ghali mno, hata matajiri wengi waliyatandika mezani badala ya sakafuni. Zulia la kukanyagwa kila siku lilienea baada ya Waingereza kuanza kulifuma wenyewe kwa wingi.

Hilo lilitokea karne ya 18. Miji ya Wilton na Kidderminster ilipata jina kwa mazulia ya sufu, na mwaka 1755 Thomas Whitty akaanza kufuma yake mjini Axminster. Aina iliyoitwa Brussels, yenye vitanzi vifupi vilivyoshikamana, ilifumwa kwa mikanda yenye upana wa inchi 27, karibu sentimita 69. Kwa sakafu ya chumba, mikanda kadhaa ilishonwa pamoja. Kwa ngazi, mmoja ulitosha. Ulitandazwa katikati ya vidato, na mbao zilizobaki wazi kila upande zikapakwa rangi.

Adui wa zulia hilo alikuwa ukingo wa kidato. Zulia la chumbani huchakaa kwa kuenea, lakini la ngazini huliwa mstari uleule, kwa kuwa kila mguu hukanyaga palepale. Dawa yake ilikuwa ufito wa shaba. Katika pembe ya ndani ya kila kidato, ufito ulipitishwa kwenye vipete viwili vilivyofungwa kwenye mbao, ukalibana zulia bila kulitoboa. Fundi alikata zulia refu kuliko ngazi na kuikunja ziada mwishoni. Mara kwa mara watumishi walichomoa fito, wakalikung'uta zulia vumbi, kisha wakalirudisha likiwa limesogea inchi chache, ili sehemu iliyokuwa ukingoni ipumzike. Fito nazo zilisuguliwa mpaka zing'ae.

Karne ya 19 ilishusha bei. Erastus Bigelow wa Massachusetts, Marekani, aliunda mitambo ya kufuma mazulia kwa nguvu za mashine, kwanza ya mazulia bapa na baadaye ya Brussels. Kazi yake ilionekana katika Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851, na kiwanda cha Crossley cha Halifax, Uingereza, kikanunua haki za uvumbuzi huo. Familia za kipato cha kati nazo zikaweza kutandika ngazi zao.

Badiliko lililofuata lilianzia Dalton, Georgia, Marekani. Mwaka 1895 msichana aitwaye Catherine Evans alitengeneza huko shuka ya kitanda kwa kudunga nyuzi kwenye kitambaa. Ufundi huo ukawa biashara ya mji, ukaingizwa kwenye mashine, na kuanzia miaka ya 1950 ukatawala utengenezaji wa mazulia nchini Marekani, nailoni ikichukua nafasi ya sufu kwa kiasi kikubwa.

Wakati huohuo vibao vyembamba vyenye misumari iliyoinama vilichukua nafasi ya fito. Kila kidato hupata viwili: kimoja nyuma ya sehemu ya kukanyagia, kingine chini ya ubao wa wima, na kati yao mwanya mdogo. Fundi hutandika kwanza kitambaa kinene cha chini kinachofunika ukingo, kisha hulivuta zulia likaze na kulisokomeza mwanyani kwa patasi butu. Manyoya ya zulia huelekezwa upande wa kushukia ngazi. Zulia laweza kuteremka moja kwa moja kutoka ukingoni, au kukunjwa likafuata umbo la kila kidato.

Vifaa vimebadilika, lakini ukingo wa kidato ungali ndipo zulia huisha na ndipo mtu huteleza. Zulia likilegea hapo lisisubiri: likazwe upya au liondolewe.