Kabla Hujaenda Grogan Kununua Saidi Mira Yako

Unaamka asubuhi, unashuka kwa parking ya ploti, na gari inakuangalia kama mtu aliyeng'olewa jino. Saidi mira moja haiko, waya zinaning'inia. Soja anaapa hakusikia kitu. Jirani wa juu alisikia mbwa wakibweka saa tisa usiku lakini akaona ni paka tu. Kabla hujamaliza kulalamika, lazima kuna mtu atakuambia ile sentensi kila mkaazi wa Nairobi anaijua: "Enda Grogan mapema, utaipata."

Hiyo sentensi ndiyo nataka tuongelee leo. Mali yako inaibwa usiku, na suluhisho ni uende ukainunue mchana. Tumeizoea mpaka hatushangai tena. Lakini wasee, biashara ya kumuuzia mtu mali yake mwenyewe haikuanza na Probox wala haikuanza Nairobi. Ina historia ya zaidi ya miaka 300, na ukiijua utaelewa kwa nini geti refu, waya wa umeme na soja mpya kila mwaka hazijaimaliza.

Tuanze London, kwa sababu sheria tunayotumia Kenya ilitoka huko.

Miaka ya 1710, London haikuwa na polisi kama tunaowajua sisi. Ukiibiwa saa, kitambaa ama kijaluba cha fedha, ilikuwa juu yako kumtafuta mwizi. Akatokea jamaa mmoja anaitwa Jonathan Wild. Alifungua ofisi, na kazi yake ilikuwa rahisi kueleza: ukipoteza kitu, unaenda kwake, unamweleza kilivyokuwa, baada ya siku chache anakuambia kimepatikana. Unatoa pesa kidogo ya shukrani, unarudishiwa, unaenda nyumbani ukimsifu. Watu walimwona shujaa. Mwenyewe alijipa cheo cha mkuu wa wakamata wezi wa Uingereza na Ireland.

Shida ni kwamba wezi walikuwa wake. Yeye ndiye aliyewapanga, yeye ndiye aliyejua nani ameiba wapi. Mwizi akileta kiburi, Wild alimpeleka kortini na kupokea zawadi ya serikali, pauni 40 kwa kila mnyang'anyi wa barabarani aliyehukumiwa. Alikula pande zote: kwa aliyeibiwa, kwa mwizi na kwa serikali.

Bunge likashtuka. Mwaka 1718 ikaanza kutumika sheria iliyosema kwamba mtu akipokea pesa kwa kurudisha mali ya wizi bila kusaidia mwizi ashtakiwe, atahesabiwa kama mwizi mwenyewe. Wild hakuacha. Mwaka 1725 alishtakiwa kuhusu lesi iliyoibwa kwa duka la mama mmoja. Shtaka la kuiba lesi lilimshinda upande wa mashtaka, akaachiliwa kwa hilo. Kilichommaliza ni ginii 10 alizopokea ili mama arudishiwe mali yake. Alinyongwa Tyburn tarehe 24 Mei 1725.

Angalia hapo vizuri. Hakunyongwa kwa kuiba. Alinyongwa kwa kuuza ile huduma ya "enda kwa fulani, utaipata."

Sasa tuje kwetu. Wakoloni walipotunga Kanuni ya Adhabu ya Kenya mwaka 1930, walibeba fikra hizo za Kiingereza, na sheria hiyo bado tunaitumia, ingawa imerekebishwa mara nyingi. Kuna vifungu vitatu ningependa uvijue. Cha 275 kinasema wizi wa kawaida unaweza kukupa hadi miaka 3 jela. Cha 322 kinamhusu mtu anayepokea ama kuweka mali ya wizi, akijua ama akiwa na sababu ya kuamini imeibwa. Huyo anaweza kufungwa hadi miaka 14.

Rudia hiyo hesabu. Aliyeiba, 3. Aliyepokea, 14. Walioandika hawakukosea namba. Walijua mwizi wa vitu vidogo hana matumizi ya vioo 20. Hana magari 20. Anaiba kwa sababu kuna mtu anamngoja asubuhi na pesa mkononi.

Kifungu cha tatu ni cha 120, na hiki huwa kinashangaza watu. Ni kosa kutangaza hadharani zawadi ya kurudishiwa mali iliyoibwa huku ukiahidi kwamba hakuna maswali yataulizwa. Yaani zile post za "mwenye ako na saidi mira zangu alete tu, nitalipa, hakuna maswali"? Ndizo hizo. Sheria iliona kwamba hata mwenye mali, akiwa amechoka na ana haraka, anaweza kuwa mteja mzuri wa wezi.

Sasa hiyo Grogan tunayotajiana kila siku ni nani?

Ramani inasema Kirinyaga Road. Jina la zamani, Grogan Road, lilitoka kwa Ewart Grogan, Mwingereza aliyepata umaarufu kwa safari ya kutoka Cape hadi Cairo iliyoisha mwaka 1900. Baadaye akaja Kenya, akawa tajiri wa mashamba na mbao na mmoja wa viongozi wa walowezi. Lakini kuna tukio moja ambalo halitajwi sana tukisema "enda Grogan."

Machi 1907, vijana watatu Wakikuyu waliokuwa wakivuta riksho walishutumiwa kwamba waliwakosea heshima wanawake wa kizungu waliokuwa wamewabeba. Hawakupelekwa mbele ya hakimu. Grogan na wenzake waliwaburuta hadi mbele ya mahakama ya Nairobi, na hapo nje, mbele ya umati wa wazungu, akawachapa kiboko. Hakimu alijaribu kuwazuia, wakampuuza. Baadaye Grogan alishtakiwa kwa mkusanyiko haramu, akapewa mwezi mmoja tu.

Kwa hivyo barabara tunayoitaja tukiibiwa bado tunaiita kwa jina la mtu aliyeongoza umati kuadhibu vijana bila kesi, hatua chache kutoka mlango wa korti. Na sisi je, tukimshika kijana usiku na kioo mkononi, tunafanya nini? Unajua jibu. Kuna mtu atapiga kelele "mwizi!", kuna mtu ataleta tairi. Kioo cha gari kinakuwa na thamani kuliko mtoto wa mtu. Halafu asubuhi, wale wale waliopiga wanaenda kununua kioo kwa mtu aliyemtuma yule kijana. Wa chini anachomwa, wa juu anapewa pesa na risiti hatoi.

Hapo ndipo hii story yote inauma. Hasira yetu inaenda kwa mtu wa miaka 3, pesa yetu inaenda kwa mtu wa miaka 14.

Na tusiwe wabaya kwa kila mtu. Kirinyaga Road ina mafundi na wauza spea wengi wanaofanya kazi halali, wanaoagiza mali yao na kulipa kodi. Hao pia wanaumizwa. Atashindana vipi na mtu ambaye stoki yake ilimgharimu bisibisi na dakika moja ya giza?

Lakini mbona saidi mira hasa? Jibu liko kwa aina ya magari tunayoendesha. Magari mengi Kenya yanaingia yakiwa yametumika, mengi kutoka Japan, na sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Matokeo yake ni kwamba mtaa mzima unaendesha modeli zile zile za miaka ile ile. Kioo cha Fielder ya jirani kinaingia kwa Fielder yako bila shida. Ni kitu chepesi, kinabebwa ndani ya jaketi, kinatoka haraka, na hakina namba yoyote ya kukitambulisha. Injini ina namba. Chesisi ina namba. Kioo hakina. Ni kama noti: ikitoka mfukoni mwako, ni ya yeyote aliyeishika.

Serikali imewahi kujaribu kuziba mambo haya kwa njia mbili tofauti, na tofauti yake ni ya kufundisha.

Njia ya kwanza ni kulinda geti. Mwaka 2013, baada ya shambulio la Westgate, serikali ilisukuma mpango wa Nyumba Kumi, wazo lililotoka Tanzania ambako TANU iliunda mashina ya nyumba kumi kumi miaka ya 1960. Fikra yake ni nzuri: mjue anayeishi jirani. Kwa wizi wa vitu vidogo nyumbani inasaidia, kwa sababu mwizi anapenda ploti ambayo hakuna mtu anajua nani ni mgeni. Lakini ploti yenu ikifunga vizuri, mwizi anahamia ploti ya tatu. Soko bado linamngoja.

Njia ya pili ni kubana soko. Sheria ya vyuma chakavu ya mwaka 2015 inataka muuzaji awe na leseni na aweke rekodi za anakonunua. Januari 2022, baada ya minara ya stima kuharibiwa na nchi kupata giza, serikali ilisimamisha biashara nzima ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa. Unaweza kubishana kama ilikuwa haki kwa wale wanaookota chuma kihalali, na mimi naona wengi wao waliumia bure. Lakini angalia fikra yenyewe: stima ikiibiwa, serikali haikuongeza soja kwa kila mnara. Ilienda kwa mnunuzi. Kwa vioo vyetu sisi, hiyo fikra haijawahi kufika.

Basi tufanye nini sisi wa kawaida, wenye gari ya mathe ama gari ya mkopo?

Kwanza, ipe kioo chako jina. Chora namba ya gari kwa vioo vya pembeni na vya madirisha, kwa maandishi yanayoonekana. Hilo halimzuii mtu kung'oa, lakini linamharibia bei. Kioo chenye namba ya mtu kinamfanya mnunuzi awe na "sababu ya kuamini," na hayo ndiyo maneno ya kile kifungu cha miaka 14. Wengine wanapiga riveti. Sawa, inachelewesha. Lakini namba inaua soko.

Pili, usiache kitu ndani kinachoonekana. Chaja, begi tupu, hata koti. Mwizi wa usiku hajui begi ni tupu mpaka avunje dirisha.

Tatu, ripoti. Najua utasema polisi hawatafanya kitu kwa kioo kimoja. Labda. Lakini bila namba ya OB, kioo chako hakikuibwa kamwe kwa macho ya serikali. Mtaa wenye wizi 40 na ripoti mbili ni mtaa wenye wizi mbili. Hakuna afisa atatumwa huko.

Nne, na hii ndiyo ngumu: ukienda kununua spea, uliza risiti, na kagua kama kioo kimekwaruzwa mahali palipokuwa na namba. Ukiambiwa "risiti ya nini, buda?", ondoka. Ndiyo, utalipa zaidi kwingine. Hiyo tofauti ya bei ndiyo pesa iliyokuwa inamtuma kijana kwa parking ya mtu mwingine.

Kuna wale watasema, "Lakini mimi nanunua yangu mwenyewe, kosa langu liko wapi?" Naelewa. Kuendesha bila kioo ni hatari, na kazi inangoja. Wateja wa Wild pia walinunua vitu vyao wenyewe, na hakuna aliyewaita wezi. Lakini kila mmoja wao, kwa kutaka saa yake irudi upesi, alilipia wizi wa kesho wa mtu asiyemjua.

Kwa hivyo ukiamkia waya zinazoning'inia, una haki ya kukasirika. Kasirika kabisa. Ila ujue hasira unaipeleka wapi. Kijana akishikwa, apelekwe kituoni akiwa mzima, kwa sababu mzima anaweza kusema anapeleka vioo kwa nani. Akichomwa, jina la mnunuzi linaungua naye, na kesho huyo mnunuzi atatafuta kijana mwingine, labda wa ploti yenu.