Karata, kadi na sheria zisizoandikwa

Haya wadau, leo tunazungumza karata. Msikimbie, kompyuta inakuja huko mbele.

Huku kwetu, kuanzia Likoni na Changamwe hadi Kisauni, utasikia karata na utasikia kadi. Kila neno lina wageni wake. Karata ni "carta" ya Wareno, walioanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593 wakaipoteza kwa Waomani mwaka 1698. Kadi ilikuja na Waingereza.

Majina ya zamani ya aina zake nayo ni ya Kireno: shupaza ni "espadas", yaani panga, kopa ni "copas", vikombe, uru ni "ouros", dhahabu, pau ni "paus", magongo. Sasa mbona kopa ina picha ya moyo? Kwa sababu jina limetoka kwenye karata za zamani za Kireno, zilizochorwa vikombe, na moyo umetoka kwenye karata za Kifaransa zilizoenea duniani baadaye. Picha ilibadilika, jina likabaki midomoni.

Na sheria pia ziko midomoni! Uno, iliyobuniwa mwaka 1971 na kinyozi Merle Robbins huko Ohio, Marekani, huja na karatasi ya maelezo. Kadi yetu, ndugu yake, haina. Ukitaka kuiandikia programu ndipo utajua:

1. Nimekutupia mbili, nawe una tatu. Waruhusiwa kuiweka juu? Na wa tatu anaokota tatu au tano?
2. K hugeuza mzunguko. Tukiwa wawili tu, zamu ni ya nani?
3. Waweza kumaliza kwa A?
4. Umesahau kusema "niko kadi". Adhabu ni kuokota ngapi?

Uliza mitaa miwili upate majibu matatu. Binadamu watabishana, watacheka, waendelee. Kompyuta haijui kubishana; lazima uiambie jibu moja.

Wenzetu wa Munchkin, mchezo wa karata wa mazimwi na vichekesho alioutoa Steve Jackson mwaka 2001, waliliona hili. Sheria zao zasema karata ikipingana na kitabu, fuata karata. Na mzozo mwingine wowote uamuliwe kwa makelele, neno la mwisho likiwa la mwenye mchezo. Jamani, si ndivyo tunavyofanya barazani? Tofauti ni kwamba wao waliandika.

Kwa hivyo rai yangu kwa waandishi wa programu: usichague sheria moja ukaiita ndiyo Kadi. Mtoto akijifunzia kwenye simu, ataona sheria ya nyanyake ni makosa, na hiyo ya nyanya itakufa kimya kimya. Kabla ya kugawa karata, programu iulize maswali haya manne, na anayefungua mchezo ndiye ajibu. Yeye ndiye mwenye karata.

Haya, kwenu K ya watu wawili inakwendaje? Semeni na mtaa wenu.