Dozi ya dawa baada ya kupandikizwa figo: Ikipungua hatari, ikizidi hatari

MGONJWA aliyepandikizwa figo hulazimika kumeza dawa za kushusha kinga ya mwili kila siku, kwa muda wote ambao figo hiyo inafanya kazi.

Kinga ya mwili huiona figo ya mtu mwingine kuwa kitu kigeni na kuishambulia, hata ikiwa imetolewa na ndugu wa damu. Upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa, uliofanywa Boston, Marekani, Desemba 23, 1954, ulihusisha pacha wa kufanana, hivyo tatizo hilo halikujitokeza.

Nchini Tanzania, huduma hiyo ilianza Novemba 2017 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, ikafuatiwa na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018.

Wagonjwa wengi hupewa dawa tatu kwa pamoja: takrolimasi, mikofenoleti na predinisoloni. Dozi huwa kubwa katika miezi ya mwanzo, kisha hupunguzwa hatua kwa hatua.

Dozi ikipungua mno, mwili huikataa figo. Ikizidi, mgonjwa huandamwa na maambukizi, kisukari na baadhi ya saratani. Zaidi ya hayo, takrolimasi ikizidi huidhuru figo ile ile inayolindwa.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Kreatinini ikipanda katika damu, huenda dawa imepungua au imezidi. Daktari hupima kiwango cha dawa katika damu, na pengine huchukua kipande kidogo cha figo kwa sindano ili kichunguzwe.

Damu hiyo hutolewa asubuhi kabla ya kumeza dawa, yapata saa 12 baada ya dozi ya jioni. Mgonjwa akimeza kwanza, kipimo huonyesha kiwango kikubwa kuliko hali halisi, na dozi inaweza kupunguzwa kimakosa.

Dawa nyingine nazo huvuruga mizani hiyo. Rifampisini, inayotibu kifua kikuu, hushusha sana kiwango cha takrolimasi, ilhali flukonazoli, erithromaisini na tunda la balungi hukipandisha. Kuharisha pia kunaweza kukipandisha.

Kwa sababu hiyo, mgonjwa hapaswi kununua dawa yoyote dukani, zikiwamo za mitishamba, kabla ya kumwuliza daktari wake. Wala asiache dozi kwa kuwa anajisikia mzima: figo inaweza kuanza kukataliwa bila maumivu yoyote, na vipimo pekee ndivyo hugundua mapema.