Singida na Kiingereza: Historia ya Kusomwa na Kusoma

Katika miaka ya 1946 na 1947 jina la Singida lilivuka bahari kwa habari za kutisha. Vijijini watu walikuwa wakiuawa kwa namna ya kuonyesha kwamba wameraruliwa na simba, na serikali ya kikoloni ikawasaka wale walioitwa "watu simba". Maofisa waliandika ripoti, na wanaanthropolojia wakafuata. Mwaka 1962 Harold Schneider, Mmarekani aliyefanya utafiti kati ya Wanyaturu wa Singida, alichapisha makala ya kuipima upya kesi hiyo. Mwaka 1970 akatoa kitabu kizima kuhusu uchumi wa Wahi, kundi mojawapo la Wanyaturu, na mwaka 1978 Marguerite Jellicoe akatoa *The Long Path* kuhusu watu hao hao. Singida ilikuwa tayari imesomwa sana kwa Kiingereza, wakati watoto wake waliokuwa na uwezo wa kuvisoma vitabu hivyo walikuwa bado wachache mno.

Wa kwanza kuleta shule za kizungu huku walikuwa Wajerumani, nao hawakuwa na haja na Kiingereza. Serikali yao ilitumia Kiswahili, na wamisionari wa Leipzig waliofika Iramba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza wakafundisha kusoma ili watu waisome Biblia. Baada ya vita walikuja Walutheri wa Augustana kutoka Marekani. Hawa Kiingereza walikinyonya kwa mama zao, lakini hawakuja kukigawa. Kazi yao kubwa ilikuwa kujifunza lugha za wenyeji, na mmoja wao, Howard Olson, aliandika mwaka 1964 tasnifu juu ya Kirimi, ambacho wengi tunakiita Kinyaturu.

Kiingereza kilikuja na serikali ya Waingereza, tena kwa kipimo. Baada ya tume ya elimu ya Phelps-Stokes kupita Afrika Mashariki mwaka 1924, utaratibu wa Tanganyika ulijengeka hivi: Kiswahili kwa madarasa ya chini, Kiingereza kwa wachache wanaopanda juu. Kila baada ya miaka michache kulikuwa na mtihani, na kila mtihani ulirudisha wengi nyumbani. Sekondari zilikuwa chache na mbali: Tabora, Dodoma, Minaki, Pugu. Mwishoni kulikuwa na cheti cha Cambridge, na sharti lake lilijulikana. Asiyefaulu Kiingereza hakupata cheti, hata awe bingwa wa hesabu. Mwaka wa uhuru, 1961, nchi nzima ilikuwa na wanafunzi wa sekondari wasiofika 12,000.

Fasihi waliyosomeshwa hao wachache ilikuwa ya Uingereza, Shakespeare akiwa mbele. Matunda yake hayakuwa mabaya yote. Mwalimu Nyerere, mwanafunzi wa Tabora, Makerere na Edinburgh, alimfasiri Shakespeare kwa Kiswahili, *Julius Caesar* mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Hata hivyo Rais huyo huyo ndiye aliyesimamia mwaka 1967 uamuzi wa kufanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali, kukawa na matarajio kwamba sekondari nazo zingefuata.

Hazikufuata. Hapo ndipo shida ya leo ilipoanzia. Mitihani iliacha kutungwa Cambridge na Baraza la Mitihani likaundwa mwaka 1973, ila lugha ya karatasi ikabaki ile ile. Mwaka 1982 tume ya elimu ya Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985. Mwaka uliofuata serikali ikakataa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu na kukuta kwamba walio wengi hawawezi kusomea masomo mengine kwa lugha hiyo. Mtu angetegemea matokeo ya namna hiyo yafunge mjadala. Badala yake, mwaka 1987 ulianza mradi wa kuimarisha Kiingereza kwa fedha za Uingereza, na Kiingereza kikabaki kuwa lugha ya darasani. Mimi naona huo ndio uamuzi uliogharimu zaidi katika historia hii yote, kwa sababu ulifanywa huku majibu yakiwa mezani.

Kisha zikaja shule za kata. Mpango wa kuendeleza elimu ya sekondari, MMES, ulianza mwaka 2004, na katika miaka kama mitano shule za sekondari nchini ziliongezeka kutoka takriban 1,300 hadi zaidi ya 4,000. Mtoto wa Iramba au Manyoni ambaye babu yake angehesabiwa mwenye bahati kufika darasa la nane, sasa ana sekondari ndani ya kata yake. Lakini kidato cha kwanza anaingia na Kiswahili cha shule, Kinyaturu, Kinyiramba, Kisukuma au Kigogo cha nyumbani, na Kiingereza cha maamkizi. Kuanzia siku hiyo biolojia, historia na jiografia ni kwa Kiingereza. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambapo karibu watahiniwa sita kati ya kumi walipata sifuri, yalishtua taifa, ila walimu wa shule za kata sidhani kama walishangaa.

Tuje kwenye vitabu, maana hapa pana jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne umezoea kumtaka mtahiniwa atumie vitabu viwili kutoka kwenye orodha kujibu swali. Ukiisoma orodha iliyotumika kwa miaka mingi, utadhani imeandikwa kwa ajili ya Singida. *Unanswered Cries* cha Osman Conteh wa Sierra Leone kinamhusu Olabisi, binti anayekataa kukeketwa na shauri lake linaishia mahakamani. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015-16 uliiweka Singida kati ya mikoa mitano inayoongoza kwa ukeketaji. *Three Suitors: One Husband* cha Guillaume Oyono-Mbia wa Kamerun kinamhusu Juliette, msichana wa sekondari ambaye wazee wa ukoo wanapokea mahari yake kutoka kwa wachumba wawili bila kumuuliza. Yeye anazichukua fedha hizo, anampa kijana anayempenda, na kijana huyo anakuja kuwatolea wazee fedha hizo hizo. Katika nchi ambayo Schneider aliandika kitabu kuonyesha uzito wa ng'ombe katika uhusiano wa watu, ni msichana gani wa kidato cha tatu atakayehitaji kufafanuliwa kichekesho hicho?

Mara nyingi, hata hivyo, anachokipata si kichekesho. Nakala ni chache, au iko moja tu, ya mwalimu. Mwalimu anaandika ubaoni majina ya wahusika, dhamira tatu na ujumbe mmoja, wanafunzi wananakili kwenye madaftari. Mwenye uwezo ananunua mwongozo kwenye duka la vifaa vya shule, kijitabu chenye maswali na majibu yake. Mtihani ukifika, Olabisi anaingia katika insha ya mtu ambaye hajawahi kumsikia akizungumza hata ukurasa mmoja. Anafaulu anayekariri vizuri. Na shuleni ambako kibao cha "Ongea Kiingereza tu" kimepigiliwa mlangoni, binti mwenye la kusema kuhusu ukeketaji kijijini kwao anabaki kimya, kwa sababu la kusema analo ila lugha ya kulisemea hana.

Sera zimeendelea kusogea. Ya mwaka 2014 ilifungua mlango wa lugha zote mbili, na toleo la 2023 limekuja na mitaala mipya. Kiingereza bado kinafundishia sekondari, na sioni dalili kwamba kitaondoka karibuni. Wazazi wengi nao hawataki kiondoke, na siwezi kuwalaumu, kwa kuwa wameona kinavyofungua ajira.

Basi kwa wanaopanga mitaala na bajeti, na kwa walimu wenzangu wa Singida, ombi langu ni dogo. Tusisubiri mjadala wa lugha ya kufundishia uishe. Kila shule ipate nakala za kutosha za vitabu viwili tu kati ya vile vya orodha ya mtihani, visomwe darasani kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha wanafunzi waruhusiwe kuvijadili kwa Kiswahili kabla ya kushika kalamu na kuandika kwa Kiingereza.