Mbiu, Si Mawimbi

Kamati ya istilahi ikikaa mezani kutafuta jina la zile namba ambazo mfumo endeshi huzirushia programu (signals kwa Kiingereza), neno la kwanza huwa "mawimbi" na la pili "ishara". Yote mawili yamechoka. Ukimtajia mkazi wa Kasansa, kule Mpimbwe mkoani Katavi, mawimbi, atatazama kama simu yake ina mtandao; hatadhani kuwa programu imegusa kumbukumbu isiyo yake.

Ishara lina heshima zaidi, lakini ni la Kiarabu lenye mzizi mmoja na shauri, na shauri hukataliwa. Namba 9, SIGKILL, haikataliki.

Neno lipo: mbiu. Ni pembe ya nyati, mnyama aliyejaa Katavi, iliyopulizwa au kugongwa kwa kijiti ili watu waache walichoshika wasikilize. Ndivyo ilivyo ndani ya mashine: mchakato unakatizwa popote ulipo. Na mbiu inaondoa kichekesho cha amri ya kill, ambayo jina lake ni kuua ilhali kazi yake ni kutuma namba yoyote. Huduma nyingi zikitumiwa namba 1 husoma upya mipangilio yake na kuendelea na kazi. Hapo hakuna aliyeua. Imepigwa mbiu.

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na jambo lenyewe hutajwa na fanksheni ya strsignal, iliyoingia katika kiwango cha POSIX mwaka 2008. Ipe namba, ikurudishie maneno. Usijitungie orodha: mbiu ya SIGUSR1 ni namba 10 kwenye Linux ya kompyuta nyingi, 30 kwenye macOS. Wala usitegemee orodha ya zamani, sys_siglist, iliyoondolewa kwa programu mpya katika toleo la 2.32 la glibc, maktaba ya C ya Linux, mwaka 2020.

Ugumu halisi, ambao wakubwa wa istilahi hawaugusi, ni ngeli. Kwa namba 9 strsignal hurudisha "Killed", bila kutaja nani. Kiswahili kinadai kiambishi: programu imeuawa, mchakato umeuawa, kitu kimeuawa. Dawa ni kitenzi-jina: "Kuuawa", kwa namba 15 "Kusitishwa", na kwa namba 11, "Kuvuka mpaka wa kumbukumbu".

Glibc inayo sw_TZ na sw_KE kwa tarehe na majina ya miezi. Faili la ujumbe la Kiswahili haina. La Kinyarwanda inalo. Atakayelifungua letu aanze na namba 9, 11 na 15.