Gigi Gryce na Milki ya Mtunzi

Neno mpangaji lina maana mbili katika Kiswahili: yule aupangaye muziki, na yule akaaye kwa kodi katika nyumba ya mwingine. Wapangaji wengi wa muziki wa jazi huko Marekani, katika miaka ya 1950, walikuwa wapangaji kwa maana zote mbili. Gigi Gryce, mpigaji saksafoni ya alto aliyezaliwa Pensacola, Florida, mwaka 1925, alikuwa mmoja wa wachache waliokataa hali hiyo.

Alisomea muziki mjini Boston, na mwaka 1953 alifuatana na bendi ya Lionel Hampton kwenda Ulaya. Wanabendi walikatazwa kurekodi kando ya bendi. Hata hivyo, huko Paris, Gryce, Clifford Brown na wenzao walirekodi kwa siri, zikiwamo tungo za Gryce mwenyewe. Upigaji wake ulikuwa wa kiasi, nao haukumfikia Charlie Parker. Kipawa chake hasa kilikuwa katika kutunga na kupanga: sikiliza "Minority", au "Nica's Tempo" aliyoirekodi pamoja na Thelonious Monk mwaka 1955.

Kwa desturi ya Marekani, mrabaha wa utungo hugawanywa baina ya mtunzi na mchapishaji, nusu kwa nusu. Mara nyingi kampuni ya santuri ilimtaka mwanamuziki aikabidhi haki ya uchapishaji ndipo arekodiwe. Nusu ya jasho lake ikaenda hivyo, kwa sahihi moja tu. Gryce alisoma mikataba kwa makini ambayo wenzake waliiona ya ajabu. Mwaka 1955 akaanzisha Melotone Music, kisha Totem, aliyoiendesha pamoja na Benny Golson, akawasihi watunzi wengine wasiuze haki zao.

Wenye biashara hawakupendezwa. Milango ilianza kufungwa, hofu ikamwingia, na mapema katika miaka ya 1960 alizivunja kampuni zake, akawarudishia watunzi haki zao. Uaminifu huo katika kushindwa haujasifiwa vya kutosha.

Akauacha muziki wa majukwaani. Alikuwa amekwisha kusilimu. Sasa jina lake la Kiislamu, Basheer Qusim, ndilo lililobaki, naye akawa mwalimu katika shule za New York. Alifariki mwaka 1983. Shule ya Bronx alikofundisha ilipewa jina la Basheer Qusim, wala si la Gigi Gryce.