Ahadi ya Jeanne de Piennes

Jumapili tunaposikia majina ya wachumba yakisomwa kanisani, wengi wetu hudhani ni desturi tu ya parokia. Matangazo hayo yana historia ndefu. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 uliyaagiza kwa Kanisa zima, na ule wa Trento, mwaka 1563, ukataka yasomwe mara tatu. Nyuma yake kuna swali lililowatesa wengi: mvulana na msichana wakipendana, neno lao lina uzito gani mbele ya ukoo?

Tangu karne ya 12, chini ya Papa Aleksanda III, Kanisa la Magharibi lilishika kwamba kinachofunga ndoa ni ridhaa ya hao wawili. Kibali cha wazazi kilitakiwa kwa heshima, lakini kukikosa hakukuvunja ndoa, na neno la msichana lilikuwa sawa na la mvulana. Kwa koo kubwa za Ulaya, zilizotumia ndoa kuunganisha mashamba na vyeo, fundisho hilo lilikuwa mwiba.

Tazameni yaliyotukia Ufaransa. François de Montmorency alikuwa amemwahidia ndoa kwa siri Jeanne de Piennes, mmoja wa mabibi waliomhudumia malkia. Baba yake, Anne (kule jina hilo liliweza kuwa la mwanamume), alikuwa mkuu wa majeshi, naye alikuwa na mpango mwingine: mfalme Henri II alikuwa tayari kumpa kijana huyo Diane, binti yake aliyezaliwa nje ya ndoa na kuhalalishwa. Wapenzi hao walihojiwa, na wote wawili wakakiri ahadi yao. Hapo njia zao zikatengana. François alitumwa Roma kumwomba Papa Paulo IV amfungue ahadi. Jeanne akafungiwa katika nyumba ya watawa, Paris. Papa alipokawia, François aliandika barua ya kumwachilia Jeanne, na mwezi wa Mei 1557 akamwoa Diane. Jeanne naye aliolewa baadaye na Florimond Robertet, mwandishi wa mfalme.

Februari ya mwaka huo huo mfalme alikuwa ametoa amri: mtoto aliyefunga ndoa bila ridhaa ya wazazi angeweza kunyimwa urithi, mwanamume hadi umri wa miaka 30, mwanamke hadi 25. Kuna kifungu ambacho husahauliwa: mama aliyeolewa tena, ilitosha kumwomba shauri, bila kungoja kibali chake. Basi hata kati ya wazazi, sauti ya mama haikupimwa kwa mizani ya baba.

Huko Trento, wajumbe wa Ufaransa waliomba ndoa zisizo na ridhaa ya wazazi ziwe batili. Baada ya mabishano marefu, Novemba 1563, maaskofu walikataa, ila wakadai padri na mashahidi wawili au watatu. Kwa maoni yangu, sharti hilo liliwafaa wanawake zaidi, kwa maana aliyeachwa na mimba pamoja na ahadi isiyo na shahidi hakuwa mwanamume. Mtaguso uliongeza kwamba msichana aliyenyakuliwa hawezi kuolewa na mnyakuzi wake mpaka atengwe naye na kuwekwa mahali salama na huru.

Ufaransa haikuzipokea amri hizo kuwa sheria ya nchi. Mwaka 1579, huko Blois, iliandika ya kwake: anayemshawishi kijana wa chini ya miaka 25 kufunga ndoa bila wazazi kujua ahesabiwe mnyakuzi na kuuawa, hata kama kijana mwenyewe alipenda. Kwa sheria moja, basi, kunyakuliwa ni kukosewa msichana. Kwa nyingine, ni kukosewa baba yake. Ile ya Trento ndiyo iliyofika hadi parokia zetu. Kanuni ya 1089 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 bado inadai kwamba mwanamke aliyenyakuliwa atengwe kwanza na mnyakuzi, awe mahali huru, kisha achague mwenyewe.